Moyo unakula saa ngapi? Historia ya mashine inayokamua miguu

Moyo unalisha mwili mzima, lakini wenyewe unakula saa ngapi? Hasa ukiwa umelegea, kati ya pigo moja na lingine. Ukijikaza, unaibana hata mishipa yake yenyewe. Ukilegea, damu inapita. Tiba tunayoizungumzia leo imejengwa juu ya jambo hilo.

Mwaka 1953, huko Marekani, ndugu wawili, Adrian Kantrowitz (daktari) na Arthur (mwanafizikia), walijaribu kwa mbwa kuchelewesha wimbi la damu ili lifike wakati moyo umelegea. Damu inayolisha moyo ikaongezeka. Miaka ya 1960 wataalamu wa Boston wakaona kumbe si lazima kumpasua mtu: unaweza kumbana miguu kwa nje. Mashine zao zilisukumwa na maji, nzito kweli, hazikuenea.

China ndiko wazo lilikopata miguu. Miaka ya 1970, Zheng Zhensheng na wenzake wa Guangzhou walitumia hewa. Unalala kitandani, umefungwa mifuko kama ile ya kupimia presha. Inajaa kwa zamu, kuanzia ndama za miguu, mapaja, hadi makalio, ikirudisha damu moyoni. Kabla ya pigo, yote inaachia kwa pamoja, na moyo unasukuma kwa wepesi.

Marekani iliiruhusu kwa maumivu ya kifua mwaka 1995. Jaribio lililochapishwa mwaka 1999, lenye wagonjwa 139 na saa 35 za tiba kwa kila mmoja, lilionyesha maumivu kupungua kuliko kwa waliobanwa kidogo tu. Lakini elewa: mashine haizibui mshipa, na dawa unaendelea nazo.

Sasa wewe uliye Kanazi, Ngara, hii inakuhusu nini? Mwaka 1959 Shaper na Jones waliandika kutoka Kampala kwamba ugonjwa huu karibu haukuwepo kwa Waafrika wa Uganda, ilhali kwa Wahindi wa hapohapo ulikuwa wa kawaida. Maisha yamebadilika. Leo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inawazibua Watanzania mishipa hiyo.

Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwako, kwa hiyo anza na dalili. Kifua kikibana ukipanda mlima, kikaachia ukipumzika, usikimbilie kusema ni vidonda vya tumbo. Nenda hospitali, omba upimwe moyo. Kikibana umekaa tu na kisiachie, usingoje kesho.