Mwenye Baraza na Mwenye Neno

Neno baraza kwanza ni jina la mahali. Katika miji ya pwani ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kikashikamana na ukuta wake, ambapo mwenye nyumba huzungumza na wageni pasipo kuwaingiza ndani. Kutoka mahali, neno likahamia kwa watu waketio hapo, na kutoka kwa watu likahamia kwa shauri lao. Walakini swali moja la kale halikuondoka. Nyumba ina mwenyewe. Je, na mazungumzo ya barazani nayo ni mali yake? Nataka kulitazama swali hilo kwa mifano ya nchi ya Mbulu na Hanang, na ya magazeti yetu ya zamani. Sababu yangu ni hii: alindaye baraza hupewa uwezo wa kumnyamazisha mwenziwe, na mimi mwenyewe nimepata kuutumia uwezo huo vibaya.

Tuanze Mbulu. Wairaqw, ambao vitabu vingi vya zamani huwaita Wambulu, wana desturi ya kumaliza mambo yao katika mkutano wa wazee. Shauri likiisha, au watu wakikusanyika kwa pombe na heshima, mzee hutamka slufay, yaani maombi marefu ya baraka, na wote waliopo humwitikia. Msomaji na aliangalie jambo hili vema. Mzee yule husema peke yake kwa muda mrefu, na hapana amkatizaye. Lakini maneno yake hayakamiliki bila mwitikio. Amepewa nafasi ya juu, na papo hapo amefungwa na wale wanaomsikiliza.

Majirani zao Wabarabaig wa Hanang, ambao ni Wadatoga, walikwenda mbali zaidi. Mkutano wao huitwa girgwageda, nao si mmoja. Mtaalamu wa Kimarekani George Klima, aliyekaa kwao katika miaka ya 1950, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1964 kwamba wanawake walikuwa na mkutano wao wenyewe, girgwageda gademga, wenye haki ya kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza ng'ombe. Hekima yake haijifichi. Waliojua kwamba katika mkutano wa wanaume sauti ya mwanamke ingefifia hawakutosheka na kuomba wasikizwe. Walikuwa na baraza lao, na hukumu ya baraza hilo iliwafunga hata wanaume.

Katika mabaraza hayo yote mlinzi huonekana. Akimkataza mtu kusema, kila aliyeketi humwona aliyekatazwa, na huweza kupima kama amekatazwa kwa haki. Gazeti lilipokuja lilileta baraza la namna nyingine, ambalo mlinzi wake haonekani.

Mambo Leo lilianzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Serikali ya Tanganyika. Wasomaji wa bara na pwani waliliandikia barua na mashairi, na katika miaka ya 1940 na 1950 walibishana humo kwa bidii juu ya dansi, adabu na maana ya ustaarabu. Mwaka 1939 kampuni ya gazeti la East African Standard, mjini Nairobi, ilianzisha gazeti la Kiswahili na kuliita kwa jina hilohilo, Baraza. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Francis Joseph Khamisi. Hapo mwenye nyumba mmoja alikuwa dola, na wa pili alikuwa mfanyabiashara. Mhariri alikaa katikati ya mwenye nyumba na wasemaji. Barua aliyoichapa ilisomwa na maelfu. Barua aliyoitupa kapuni ilijulikana na watu wawili tu, yeye na aliyeiandika.

Hata hivyo ukurasa wa mashairi ulikuwa na mlinzi mwingine, naye ni kanuni. Vina na mizani, ambavyo Kaluta Amri Abedi alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, vilijulikana na watu wote. Mtunzi aliweza kumjibu mpinzani wake kwa ukali, lakini alipaswa kuupitisha ukali huo katika kipimo kilekile alichopimiwa mwenziwe. Kanuni iliyo wazi humpunguzia mlinzi kishawishi cha upendeleo.

Ila kanuni haimtoshi mwenye nyumba anayeogopa kusemwa. Gazeti la Mwafrika lilipotokea mwaka 1957, Waafrika wakajipatia baraza ambalo mwenye nyumba wake hakuwa Serikali. Na mwaka 1958 wahariri wake, Robert Makange na K. R. Baghdelleh, walitiwa gerezani kwa kosa la uchochezi. Miaka miwili baadaye, katika uchaguzi wa mwaka 1960, chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Mtu aliyesimamishwa na chama hapo alikuwa Chifu Amri Dodo. Watu wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake. Chama kiliyakubali matokeo. Mwenye baraza alishindwa barazani pake, na nyumba haikuanguka.

Sasa nikiri kosa langu. Siku moja huko Maretadu niliombwa kuongoza mkutano wa chama kidogo cha akiba, kwa kuwa nilikuwa mgeni na msomi. Niliweka kanuni moja: tuseme Kiswahili, ili wote tuelewane. Kanuni ilionekana njema, maana katika nchi ile Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza na Kiihanzu hukutana, na hakuna hata mbili kati ya lugha hizo zilizo za ukoo mmoja. Bibi mmoja mjane akasimama, akaanza kwa Kiswahili, kisha neno likampotea akahamia Kiiraqw. Nikamkatiza kwa upole. Akakaa. Tukapitisha azimio juu ya mikopo, na baadaye ikabainika kwamba deni alilotaka kulieleza lilikuwa limekwisha lipwa, na yeye ndiye aliyekuwa shahidi pekee.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na nilikifanya Kiswahili kuwa bawabu. Kanuni yangu ilikuwa wazi, na ilikuwa moja kwa wote; lakini gharama yake haikuwa moja. Mimi haikunigharimu kitu, naye ilimgharimu neno lake lote. Basi mlinzi hana budi kujiuliza jambo la tatu: ni nani atakayelipa kwa kanuni hii?

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria huweza kumpa mtu nafasi ya kuketi. Nafasi ya kusikizwa hutolewa na aliyeshika kiti. Katika mkutano uliofuata nilimwomba kijana mmoja atafsiri. Bibi akasema kwa muda mrefu, na safari hii sikutazama saa. Alipomaliza, azimio letu likafutwa.