Sukari Si ya Ladha

Pakiti ya ORS, ile tunayoiita chumvichumvi, ina vitu vinne. Kwa fomula ambayo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiipendekeza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila lita ya maji safi inatiwa gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Mwulize mtu yeyote aliyewahi kumnywesha mtoto anayeharisha, atakueleza chumvi ni ya nini: mtoto ametokwa na chumvi, lazima arudishiwe. Mwulize sukari ni ya nini, na wengi watasema ni ya kumpa nguvu, au ya kupunguza ukali wa chumvi ili asiteme. Majibu hayo yanaeleweka, lakini hayafiki penyewe. Mpe mgonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi bila sukari, na sehemu kubwa itapita utumboni moja kwa moja na kutoka. Sukari ndiyo inayoiingiza chumvi mwilini, na maji yanafuata chumvi.

Madaktari walijua mgonjwa wa kipindupindu anapoteza nini tangu mwaka 1831. Walijua namna ya kumrudishia kwa kikombe mwaka 1968. Miaka 137 hiyo imenishughulisha sana, na sehemu yake kubwa inaelezwa na kitu ambacho kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kukiona: utando wa seli, ngozi nyembamba mno inayotenganisha ndani ya seli na nje yake.

Mwaka 1831 kipindupindu kilipoingia Uingereza kupitia bandari ya Sunderland, daktari mmoja Mwairishi wa miaka 22, William Brooke O'Shaughnessy, alikwenda huko akachunguza damu ya wagonjwa. Akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Miezi michache baadaye Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, alichukua hatua ambayo leo inaonekana ya kawaida kabisa: alitia maji ya chumvi kwenye mshipa wa bibi kizee aliyekuwa anakata roho. Bibi akafumbua macho, uso ukarudi rangi, akaanza kuongea. Latta akaamini amepona, akaondoka kwenda kupumzika. Kuharisha kukaendelea, hakuna aliyemwongezea maji, na ndani ya saa chache bibi akafa.

Latta alieleza yote hayo katika barua iliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1832. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alifariki, na mbinu yake ikaachwa. Madaktari wakarudia kutoa damu, zebaki na kasumba. Mwambao wetu ulipopigwa na kipindupindu mwaka 1869 na 1870, James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa Zanzibar, aliweza kufuatilia njia za misafara na kuonyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri kutoka bara hadi pwani. Alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1876. Ni kazi nzuri ya upelelezi. Lakini kujua ugonjwa umepita njia gani hakukumsaidia aliyelala mkekani Ng'ambo akiwa ametokwa na maji yote.

Swali ambalo mtu angejiuliza mara moja ni hili: kwa nini asinyweshwe tu? Kinywa anacho, kiu anayo. Jibu lilikuwa kwamba walijaribu, na haikufaa. Wengi walikuja kuamini kuwa kipindupindu kinachubua ukuta wa utumbo, kwamba ngozi yake ya ndani inabanduka na kutoka pamoja na ule uharo mweupe kama maji ya mchele. Utumbo uliochubuka haunyonyi kitu. Kwa fikra hiyo, kumnywesha mgonjwa ni kumimina maji kwenye gunia.

Wakati huohuo, mbali kabisa na wodi za kipindupindu, watu wengine walikuwa wakijiuliza vitu vinaingiaje ndani ya seli. Katika miaka ya 1890 huko Zürich, Ernest Overton alichukua seli za mimea akazitumbukiza katika mamia ya michanganyiko, mmoja baada ya mwingine, akitazama kipi kinapenya na kipi kinabaki nje. Ni kazi ya kuchosha hata kuisoma. Ikampa kanuni moja: kinachoyeyuka kwenye mafuta kinapenya upesi, kisichoyeyuka kinasuasua au kinakataliwa. Akahitimisha kwamba seli lazima imefunikwa na kitu chenye asili ya mafuta.

Mwaka 1925, Evert Gorter, daktari wa watoto wa Leiden huko Uholanzi, pamoja na mkemia François Grendel, waliuliza mafuta hayo yako mangapi. Walichukua chembe nyekundu za damu, za binadamu, mbwa, kondoo, mbuzi na sungura, wakayatoa mafuta yake kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka la unene wa molekuli moja. Eneo la tabaka lile lilikuwa kama mara mbili ya eneo la nje la chembe zenyewe. Kwa hiyo utando una matabaka mawili, yamegeuziana migongo: vichwa vinavyopenda maji vimetazama nje na ndani, mikia ya mafuta imejificha katikati.

Hapo pana kichekesho ambacho kila mwanafunzi wa baiolojia angefaidi kukijua. Asetoni yao haikutoa mafuta yote, na eneo la chembe walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa mawili yakafutana, jibu likatoka sahihi. Watu waliorudia jaribio hilo kwa uangalifu miaka ya 1960 ndio waliobaini.

Sasa tazama tatizo lililozaliwa. Ikiwa utando ni mafuta, basi chumvi haiwezi kupita, kwa sababu chumvi ndani ya maji ni chembe zenye chaji ya umeme, na mafuta huzikataa. Glukosi nayo hupenda maji, kwa hiyo inakataliwa pia. Lakini sote tunakula na kunyonya vyote viwili kila siku. Lazima kuwe na milango, na mlango lazima uwe na masharti yake.

Agosti 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi huko Prague, mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alieleza sharti mojawapo. Alisema kwenye seli za utumbo mdogo kuna mlango ambao glukosi haipiti peke yake: inaingia ikiwa imeongozana na sodiamu. Sodiamu ina msukumo wa kuingia kwa sababu upande wa pili wa seli kuna pampu inayoitoa bila kupumzika. Pampu hiyo Jens Skou wa Denmaki alikuwa ameigundua miaka mitatu kabla, kwenye neva za miguu ya kaa. Kwa hiyo sodiamu inateremka kama maji ya mtoni, na glukosi inadandia. Crane alikuwa anaeleza jinsi sukari inavyonyonywa. Usome upande wa pili sasa: sukari ikiwepo, sodiamu nayo inaingia. Na sodiamu ikiingia, maji hayabaki nyuma.

Mwaka huohuo wa 1960, Eugene Gangarosa na wenzake walichapisha matokeo kutoka Bangkok. Walikuwa wamechukua vipande vidogo vya utumbo wa wagonjwa wa kipindupindu walio hai, wakavitazama kwa hadubini. Ukuta ulikuwa mzima, haukubanduka. Mwaka mmoja kabla, huko Calcutta, Sambhu Nath De alikuwa ameonyesha kwa utumbo wa sungura kwamba bakteria wa kipindupindu anatoa sumu. Leo tunajua sumu hiyo inafanya nini: inafungulia mlango mwingine, ule wa kloridi, na kuuacha wazi. Kloridi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu na maji vinaifuata, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini mlango wa sukari na sodiamu haukuguswa. Ndani ya kila mgonjwa aliyekufa kwa kukauka, tangu bibi wa Leith hadi wafu wa Zanzibar, mlango huo ulikuwa unafanya kazi.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo ni suala la mwaka mmoja au miwili. Haikuwa hivyo. Kapteni Robert Phillips wa jeshi la majini la Marekani, bingwa wa kipindupindu wa wakati wake, alijaribu mchanganyiko wa glukosi na chumvi Manila mwaka 1962. Mchanganyiko ulikuwa mkali mno, na majimaji makali yakiwa utumboni huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza. Baadhi ya wagonjwa wakafa. Phillips akawa mwoga wa njia ya mdomo, na alipokuja kuongoza maabara ya utafiti wa kipindupindu ya Dhaka, iliyokuwa wakati huo Pakistan ya Mashariki, woga wake ukawa na uzito wa mamlaka. Simlaumu sana. Mtu aliyekwisha kuona wagonjwa wake wakifa ana haki ya kuogopa.

Waliousogeza mpaka walikuwa vijana wawili wa miaka 26 hivi, David Nalin na Richard Cash. Nalin alitambua kwamba majaribio yaliyotangulia yalikosea hesabu: mgonjwa anywe kiasi kilekile anachopoteza, siyo kiasi ambacho daktari anadhani kinatosha. Dhaka kulikuwa na vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, kwa hiyo anachopoteza kilipimika. Mwaka 1968, pamoja na wenzao Rafiqul Islam na Majid Molla, walitibu wagonjwa 29. Walioshtuka sana walianza na dripu, kisha baadhi wakanyweshwa glukosi na chumvi kwa kufuata kipimo cha ndoo. Mahitaji ya dripu kwa wanaokunywa yalishuka kwa takriban asilimia 80. Ripoti ilitoka kwenye Lancet mwezi Agosti, na Phillips mwenyewe ni mmoja wa waandishi wake.

Hata hapo, wakubwa wengi wa tiba waliiona ni njia ya wodini, ya kusimamiwa na waliosomea. Fikra hiyo ilivunjwa na vita. Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia Pakistan ya Mashariki kuingia India, na kipindupindu kikawavaa. Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto, alikuta hospitali ya Bongaon karibu na mpaka ina vyumba viwili tu vya wagonjwa hao, sakafu imejaa watu, na dripu zinakwisha. Akaamua kuwanywesha wote. Calcutta wenzake walipima gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za magadi ya kupikia kwa kila lita, wakatia kwenye mifuko ya plastiki na kuifunga kwa pasi ya moto. Kambini yalikorogwa kwenye mapipa yenye bomba, na waliokuwa wakijaza vikombe walikuwa mama, kaka, mume wa mgonjwa, watu wasio na cheti chochote. Kati ya wagonjwa zaidi ya 3,700, vifo vilikuwa asilimia 3.6, mahali ambapo kabla yake vilikuwa vikifika 20 hadi 30.

Miaka ya 1980 shirika la BRAC la Bangladesh lilipeleka wanawake nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, kufundisha akina mama hata bila pakiti: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ya konzi moja, maji. Malipo ya mwalimu yalitegemea mama anakumbuka nini akirudiwa kuulizwa baadaye. Napenda utaratibu huo kuliko mitihani mingi niliyofanya. Mwaka 1987 maabara ya Ernest Wright huko California ilipata jeni ya mlango wenyewe na kuupa jina SGLT1. Kila mzunguko unaingiza sodiamu mbili na glukosi moja.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kuingia Goma. Ardhi ni mwamba wa volkano, huwezi kuchimba choo wala kaburi, na maji yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kikafuatiwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa. Ujuzi wote niliousimulia ulikuwepo, pakiti zilikuwepo duniani kwa mamilioni, na Goma kulikuwa na mashirika mengi ya misaada. Timu ya Wabangladeshi ilitoka kwenye kituo kilichozaliwa na maabara ileile ya Dhaka, ikafanya kazi kwenye mahema hayo, ikatazama na kuandika. Ripoti yao kwenye Lancet ya mwaka 1995 inataja sababu za vifo: wahudumu wengi hawakuwahi kutibu kipindupindu, dripu zilikwenda polepole mno na nyingine zilikuwa za majimaji yasiyofaa, na wagonjwa hawakunyweshwa vya kutosha.