Tawi la Mwisho: Maktaba za Umma na Msomaji wa Mkange

Kisheria, mkazi wa Mkange ana haki ya maktaba sawasawa na mkazi wa Upanga, Dar es Salaam. Sheria Na. 39 ya mwaka 1963, iliyounda Huduma ya Maktaba Tanganyika, haikulenga mji mmoja. Ilikusudia huduma moja ya nchi nzima, na Sheria Na. 6 ya mwaka 1975, iliyoleta Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ikashikilia nia hiyo hiyo. Ndiyo sababu Maktaba Kuu iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, si mali ya halmashauri ya jiji kama ilivyo Chicago. Ni shina la taifa lililopandwa Dar es Salaam, na matawi yalitakiwa yaote kutoka hapo hadi mikoani, wilayani na vijijini.

Yaliota, lakini yalifuata njia ya utawala. Maktaba ilikwenda mahali palipokuwa na mkuu wa mkoa, kisha, halmashauri ikiwa na moyo na fedha, mahali palipokuwa na mkuu wa wilaya. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake katika nchi changa yenye wakutubi wa kuhesabika, na si haki kuwalaumu walioubuni. Makala haya yanahoji kitu kingine: kwa nini, zaidi ya miaka 60 tangu sheria ile ipitishwe, hadhi ya mji bado ndiyo inayoamua nani aazime kitabu, wakati kipimo cha maana kwa msomaji ni umbali?

Mkange ni mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi. Ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, ila iko chini ya Halmashauri ya Chalinze. Mwenye shida na Mkuu wa Wilaya anateremka Bagamoyo mjini. Mwenye shida na halmashauri anaelekea upande wa pili, kwenye barabara kuu ya Chalinze. Makao makuu ya mkoa yako Kibaha. Upande wa baharini kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na kaskazini njia inakwenda Pangani. Kwa mpangilio wa namna hiyo, hata kama kila makao makuu yangekuwa na maktaba nzuri, mwanafunzi wa Mkange angebaki na safari tatu za nauli kubwa na hakuna hata moja anayoweza kuifanya kwa miguu baada ya masomo. Mkulima ambaye shamba lake limeingiliwa na tembo, akataka kujua sheria inasemaje kuhusu kifuta machozi, naye yuko katika hali hiyo hiyo.

Mkoa wa Pwani una bahati yake. Pale Kibaha, mradi wa nchi za Nordiki ulioanzishwa mwaka 1963 uliacha shule, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima na maktaba ya umma, na mwaka 1970 vyote vikakabidhiwa kwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Somo la Kibaha halijazingatiwa vya kutosha. Maktaba ile ilihesabiwa kuwa sehemu ya maendeleo sawa na zahanati na shamba darasa. Haikusubiri mji ukue ndipo ifuate. Wakati ule Kibaha yenyewe haikuwa mji wa kujivunia.

Kabla ya hapo palikuwa na njia nyingine, ya kawaida kabisa, ambayo leo inasahaulika. Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipeleka masanduku ya vitabu kwenye shule, misheni na vituo vya jamii, na kuwaazima wasomaji binafsi kwa njia ya posta. Mtu aliandika barua, akatumiwa kitabu, akakisoma, akakirudisha. Huduma ile ilikuwa ya kikoloni na ilichagua kwa niaba ya Waafrika kipi kinawafaa kusoma, na hilo lisifichwe. Hata hivyo ilikuwa imeelewa kwamba katika nchi pana yenye makazi yaliyotawanyika, kitabu ndicho kinachopaswa kusafiri.

Tanzania huru ililichukua wazo hilo na kulipa nguvu ambayo mkoloni hakuwahi kuifikiria. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya chache, zikiwamo Mafia na Ukerewe, zilitakiwa zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha, kisha agizo likaenea nchi nzima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja. Takwimu za serikali zilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma walishuka kutoka takribani theluthi mbili mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Hata anayezitilia shaka tarakimu hizo atakubali kwamba kisomo kilifika mahali ambapo lami haijafika hadi leo.

Hapo ndipo maktaba za vijiji zilipozaliwa, kwa sababu ilionekana mapema kuwa anayefundishwa kusoma bila kupewa cha kusoma atasahau. Kanda ya Ziwa ilipata gazeti lake, Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza kuanzia mwaka 1974. Vijijini maktaba haikuwa jengo. Ilikuwa kabati lenye kufuli katika chumba cha darasa au ofisi ya kijiji, vitabu vyembamba vya ufugaji, malezi, siasa na hadithi, na mtu mmoja aliyelipwa posho ndogo kuitunza. Kumbukumbu yake yote ilikuwa daftari lililochorwa mistari kwa rula: jina la mwazimaji, jina la kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mkutubi wa leo mwenye kompyuta anaandika mambo hayo hayo manne, na kipengele cha nne ndicho kinachomsumbua kama kilivyomsumbua yule wa zamani.

Maktaba hizo zilikufaje? Hazikufungwa kwa amri. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970 na masharti ya marekebisho ya uchumi yakafuata, vitabu vipya viliacha kuja, posho ikakatika, gazeti likachelewa, na kabati likageuka la kuhifadhia chaki. Lakini sababu ya fedha haitoshi peke yake. Maktaba ya kijiji ilikuwa imeegemea kampeni, na kampeni ina mwisho. Serikali za mitaa zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na ziliporudishwa miaka ya 1980 zilikuta huduma ambayo hazikuianzisha wala hazikuwa na kasma yake. Bodi iko chini ya wizara yenye dhamana ya elimu. Halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa kawaida tawi la wilaya huzaliwa kwa makubaliano: halmashauri itoe jengo, Bodi ilete vitabu na utaalamu. Makubaliano ni jambo jema, ila yasipotimizwa hakuna mwenye kuulizwa. Kata kama Mkange haimo hata kwenye makubaliano hayo.

Pengo la vitabu likajazwa na misaada. Shirika la Uingereza la Ranfurly Library Service, ambalo mwaka 1994 lilibadili jina na kuwa Book Aid International, limeleta vitabu vingi nchini na kusaidia sehemu za watoto katika maktaba za umma. Shukrani inastahili kutolewa bila kigugumizi. Lakini rafu haiwezi kutegemea Kiingereza kilichoandikiwa mtoto wa Leeds, kwa mtoto anayesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulionyesha njia iliyo bora zaidi: kumhakikishia mchapishaji wa ndani soko kwa kununua sehemu ya nakala na kuzisambaza shuleni. Fedha ile ile ilimlisha mwandishi, mchapaji na msomaji kwa mpigo mmoja.

Suala la vitabu gani viwekwe rafuni lina uzito wa pekee katika mwambao huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903. Mwandishi alifundisha Kiswahili Ujerumani na akafia Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya kazi hiyo ilitoka California mwaka 1981. Mtafiti wa Hamburg hahangaiki kuipata. Kijana wa Miono au Mkange, ambaye harusi, matanga na ngoma zilizoelezwa humo ni za majirani wa babu zake, hana mahali pa kuiazima kirahisi. Kaskazini kidogo kuna Pangani, ambako Shaaban Robert alifanya kazi ya forodha. Ukanda huu umeandika kuliko unavyoweza kujisoma.

Hata upangaji wa rafu una mambo ya kutafakari. Katika mfumo wa Dewey, ambao kila mkutubi nchini huujifunza, fasihi ya Kiswahili nzima, kuanzia tenzi za karne zilizopita hadi riwaya za mwaka huu, inabanwa kwenye namba 896.392, na Uislamu kwenye 297, huku Ukristo ukienea kwa makumi ya namba. Katika mji kama Bagamoyo, wenye misikiti ya kale na misheni ya tangu mwaka 1868, mgawanyo huo haufanani na maisha ya wasomaji. Tawi dogo linaweza kuupanua kwa mahitaji yake, mradi awepo mtu aliyesomea kazi hiyo.

Na watu hao wapo, tena katika wilaya hii hii. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bodi kiko Bagamoyo tangu mwaka 1989. Wakutubi wa nchi nzima hufundishwa kuainisha, kuorodhesha na kuhudumia wasomaji mahali hapo, kisha hutawanyika kwenda vyuo vikuu, mabenki na ofisi za serikali. Ni vigumu kutaja hoja nzito zaidi ya hii: wilaya inayozalisha wakutubi wa taifa haina sababu ya kukosa mkutubi wa kata.

Jirani zetu wametoa mifano miwili yenye mafunzo tofauti. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika waliruhusiwa kuingia mwaka 1958. Baadaye ikawa mali ya jiji, na pamoja nayo matawi ya Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya wafanyakazi ya Eastlands. Shirika la Book Bunk lililoundwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017 lilipoanza ukarabati, lilihangaikia matawi hayo madogo pamoja na jengo lenye nguzo na simba wa mawe katikati ya mji. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Kenya imekuwa ikiwapakia ngamia masanduku ya vitabu na hema ili kuwafuata wafugaji. Picha za ngamia hao zimezunguka dunia. Cha maana zaidi ni ratiba: wasomaji walijua siku ya kurudi kwa ngamia hao.

Wapo wanaosema simu imemaliza mjadala. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, kwa kuwa simu kweli imefika Mkange kabla ya maktaba. Lakini kifurushi cha data kinanunuliwa kila wiki, kioo cha simu ni kimoja kwa nyumba nzima, na kazi nyingi za Kiswahili zinazotakiwa na mwanafunzi wa kidato cha nne hazipo mtandaoni kwa njia halali. Zaidi ya hapo, atakayemwongoza mkulima katika tovuti ya ardhi au fomu ya mkopo wa chuo ni yule yule anayepaswa kukaa maktaba. Ilani ya maktaba za umma ya IFLA na UNESCO, tangu toleo la mwaka 1994, inasema huduma hii iwe bure kimsingi na iwafuate wasioweza kuifuata. Tanzania haina haja ya kukopa fikra hiyo. Iliitekeleza vijijini miaka 20 kabla.

Wengine watauliza gharama. Jengo la wilaya ni ghali, ndiyo. Masanduku 10 ya vitabu vya Kiswahili yanayozunguka kati ya shule za kata, yakibadilishwa kila muhula, hayafikii hata sehemu ndogo ya gharama hiyo. Wanafunzi wa ukutubi hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Wapangiwe Mkange, Miono na Kiwangwa badala ya kurundikwa Dar es Salaam, ambayo kwa sensa ya mwaka 2022 ina watu 5,383,728 na ofisi za kutosha za kuwapokea wengine. Mwalimu mmoja katika kila shule apewe posho ya kutunza daftari, na posho hiyo iingizwe katika bajeti ya halmashauri kwa jina lake, ili mwaka isipolipwa ionekane kwenye hesabu na mkaguzi aulize. Sheria ya mwaka 1975 ikipitiwa upya, itamke umbali: hakuna shule ya msingi iliyo mbali na vitabu vya kuazima kuliko mwendo wa mtoto kwa miguu, na itaje nani anawajibika, Bodi au halmashauri.

Ujenzi wa barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Pangani unaifikisha lami Mkange. Halmashauri ya Chalinze na Bodi zina nafasi ya kukutana sasa, kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, na kupanga sanduku la kwanza litoke Bagamoyo muhula gani.