Vazi Lililosinyaa

Machi 2021, mwanamume mmoja wa Osaka alitozwa faini ya yeni 9,000 kwa kumtukana Hana Kimura mtandaoni. Hana alikuwa mwanamieleka na mshiriki wa Terrace House, kipindi cha Kijapani ambamo vijana sita wasiojuana, wanawake watatu na wanaume watatu, waliwekwa nyumba moja, na watazamaji wakangoja kuona nani atampenda nani. Alijitoa uhai tarehe 23 Mei 2020. Alikuwa na miaka 22.

Nikiwasimulia wenzangu wa uzamili kisa hiki, jibu huja kabla sijamaliza: mitandao ndiyo iliyomuua. Lina ukweli wake. Japani yenyewe ililikubali, kwani mwaka 2022 bunge lilipandisha adhabu ya kosa la matusi, kutoka kizuizi kisichofika siku 30 au faini isiyofika yeni 10,000, hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yeni 300,000. Lakini sisi tunaosoma historia tumefundishwa kuzitazama tarehe kwanza, na tarehe za kisa hiki zina la kusema.

Tarehe 4 Januari 2020 Hana alipigana Tokyo Dome, ukumbi ambao wanamieleka wa kike hawaupati hivi hivi. Vazi alilovaa siku ile lilikuwa na thamani kubwa kwake. Baadaye akalisahau ndani ya mashine ya kufulia. Kijana mmoja wa nyumba ile akatia nguo zake humo humo, akafua, akakausha, na vazi likasinyaa. Hana alimfokea mbele ya wenzao na kumpiga kofia ikamtoka kichwani. Aliyewahi kuishi hosteli anaujua ugomvi wa namna hii. Watu hununiana wiki nzima, kisha mmoja anaomba chumvi na maisha yanaendelea.

Huu ulitokea mara tatu. Mara ya kwanza ni nyumbani mle. Mara ya pili ni tarehe 31 Machi kwenye Netflix, ukiwa umeshapita kwa wahariri, huku watangazaji wakikaa studio kuijadili tabia ya kila mmoja. Matusi yakamiminika, na Hana akajidhuru. Mara ya tatu ni Mei, siku chache kabla ya kifo chake, kipindi kile kile kiliporushwa na Fuji TV kwa nchi nzima. Upigaji picha ulikuwa umesimamishwa kwa sababu ya korona, hivyo hapakuwa na namna ya kupiga picha mpya zinazomwonyesha akicheka, au akipatana na yule kijana. Alibakizwa pale pale, amekasirika. BPO, chombo kinachosimamia maadili ya utangazaji Japani, kilisema mwaka 2021 kwamba haki zake za kibinadamu hazikuvunjwa, ila palikuwa na tatizo la maadili kwa jinsi hali yake ya akili isivyozingatiwa. Binafsi naona hukumu hiyo ni laini mno.

Nasema hivyo kwa sababu ya Uswidi. Mwaka 1997, kabla ya Facebook wala Twitter, Sinisa Savija, mkimbizi kutoka Bosnia, alikuwa wa kwanza kupigiwa kura ya kutolewa katika Expedition Robinson. Hakikuwa kipindi cha mapenzi, lakini mtambo ni ule ule: wageni wafungiwe pamoja, wachujane, kamera zisizimwe. Savija alijiua Julai. Kipindi kilianza kurushwa Septemba. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyekuwa amemtukana. Mjane wake alieleza kwamba mumewe alihofia wangekata mazuri yake na kumwonyesha kama mjinga.

Hofu ile ya Savija ndiyo ninayoiona kwa Hana, na kwa Love Island ya Uingereza pia. Mike Thalassitis aliingia humo mwaka 2017, akatoka na jina la utani, “Muggy Mike”, yaani Mike mwenye kuwachezea wenzake shere. Alipofariki Machi 2019, magazeti yalilitaja jina hilo hilo katika habari za kifo chake. Sophie Gradon, wa msimu wa 2016, alikuwa amefariki Juni 2018. Mei 2019 ITV iliahidi kila mshiriki angalau vikao vinane vya tiba ya kisaikolojia baada ya kurudi nyumbani, na tangu 2023 washiriki hutakiwa kuziacha akaunti zao zikiwa kimya wakati kipindi kikiendelea. Mwaka 2021, Ofcom, mdhibiti wa utangazaji huko, iliweka kanuni za kulinda ustawi wa washiriki.

Nimezisoma. Zinamtaka mtangazaji awaeleze washiriki hatari zinazoweza kuwapata, na awajali ipasavyo. Hazimpi mshiriki haki ya kukiona kilichohaririwa kabla ya hadhira kukiona.