Mfuato: Umbali Unaoamua Tabia ya Usukani

Kwenye tairi la Phoenix, ile baiskeli nyeusi ya kubebea mkaa, maziwa na ndizi, huandikwa 28 x 1½. Kwenye tairi la baiskeli mpya ya milimani huandikwa 29. Anayesoma namba hizo huamini kwamba ya pili ndiyo yenye ringi kubwa. Sasa vua matairi yote mawili uzipime ringi pale tairi linapokalia: ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635, ya milimani milimita 622. Ringi ya 28 imeizidi ringi ya 29. Namba hizo hutaja, kwa makadirio, ukubwa wa gurudumu likiwa limeshavishwa tairi na kujazwa upepo, na kinachoifikisha ringi ndogo kwenye inchi 29 ni unene wa tairi lake.

Nimeanzia hapo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu baiskeli za milimani huanza na namba ya gurudumu, na aghalabu huishia hapo hapo. Utasikia kwamba 26 inakata kona vizuri, 29 inapita juu ya mawe lakini usukani wake ni mzito, na 27.5 ni ya wasiotaka kuchagua. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ila gurudumu husifiwa na kulaumiwa kwa mambo ambayo halikuyafanya peke yake. Mengi yanatokana na umbali mmoja mfupi, usiozidi sana upana wa kiganja, ulio ardhini chini ya gurudumu la mbele. Waingereza huuita trail. Kiswahili hakijaupa jina lililozoeleka, nami napendekeza tuuite mfuato.

Simama ubavuni mwa baiskeli uutazame. Usukani huzunguka ndani ya bomba fupi lililo mbele ya fremu, ambalo hapa nitaliita bomba la kichwa. Bomba hilo halikusimama wima, bali limelala kidogo kuelekea kwa mpandaji. Chukua uzi, uunyooshe kufuata mwelekeo wa bomba hilo mpaka chini, kisha weka alama ya chaki pale uzi unapogota ardhi. Uzi huo ndio mhimili wa usukani. Halafu teremsha uzi mwingine, wenye kijiwe mwishoni, kutoka kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Hapo chini ndipo tairi linapogusa ardhi. Weka alama ya pili. Utakuta alama ya kwanza iko mbele na ya pili iko nyuma yake. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio mfuato.

Maana yake ni kwamba tairi hugusa ardhi nyuma ya mhimili linaouzunguka. Ndiyo hali ya magurudumu ya kigari cha supamaketi: ukikisukuma, kila gurudumu hujigeuza lenyewe likakaa nyuma ya msumari unaolishikilia. Gurudumu la mbele la baiskeli nalo hutaka hivyo. Likigongwa na jiwe likasogea kushoto, ardhi hulivuta lirudi kwenye mstari. Shika baiskeli kwa tandiko tu, iinamishe kushoto bila kugusa usukani, nao utageuka kushoto wenyewe. Ndiyo sababu mtu mwenye uzoefu huweza kuachia mikono barabarani na baiskeli ikaendelea kushika njia.

Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alichapisha katika jarida la Physics Today majaribio yake ya kutengeneza baiskeli isiyoendesheka. Alifunga gurudumu la ziada linalozunguka kinyume, ili kufuta nguvu ya mzunguko wa gurudumu la mbele, na bado baiskeli iliendesheka. Alipougeuza uma wa mbele ukaangalia nyuma, mfuato ukaongezeka, na baiskeli ikawa thabiti mno hata ikisukumwa bila mtu. Alipolisogeza gurudumu mbele sana, mfuato ukatoweka na baiskeli ikawa ya hatari kuipanda. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell waliongeza fundisho la muhimu katika jarida la Science. Walitengeneza baiskeli ndogo ya majaribio ambayo tairi lake la mbele liligusa ardhi milimita 4 mbele ya mhimili, nayo bado ilijisimamia ikiwa mwendoni, kwa sababu uzito wake ulipangwa kwa namna mahususi. Kwa hiyo mfuato si mzizi pekee wa uthabiti. Lakini katika baiskeli tunazonunua, ambazo mpangilio wa uzito wake haupishani sana, ndio kipimo kinachosema mengi kuliko kingine chochote kuhusu hisia ya usukani mkononi.

Vitu vitatu huamua urefu wake. Cha kwanza ni ukubwa wa gurudumu pamoja na tairi: likikua, mfuato hurefuka. Cha pili ni pembe ya bomba la kichwa, inayopimwa kutoka ardhini: bomba likilala zaidi, yaani digrii zikipungua, mfuato hurefuka. Cha tatu husahaulika, nacho ni umbali ambao ekseli imesogezwa mbele ya mhimili wa usukani. Mafundi hulijua umbo lake, maana katika baiskeli za zamani uma huonekana umepinda mbele mwishoni. Tuuite mchomozo. Mchomozo ukiongezeka, mfuato hupungua.

Phoenix inaonyesha jinsi vitu hivyo vinavyorekebishana. Gurudumu lake ni kubwa na bomba lake la kichwa limelala, na hayo mawili peke yake yangeipa mfuato mrefu kupita kiasi. Lakini uma wake umepinda mbele sana, na mchomozo huo mkubwa huurudisha mfuato katika kiasi kinachobebeka. Mpindo huo pia huupa uma unyumbufu kwenye barabara ya vumbi. Mtu akisoma pembe tu, bila kuangalia uma, ataielewa vibaya baiskeli hiyo.

Uma huohuo ukigonga ukingo wa daraja ukarudi nyuma, fundi huunyoosha kwa bomba la chuma na kwa jicho. Usiporudi wote, mchomozo hupungua, mfuato hurefuka, na mwenye baiskeli hulalamika kwamba usukani umekuwa mzito ingawa beringi zimepakwa grisi na zinazunguka vizuri. Tatizo si beringi.

Historia ya baiskeli za milimani ni historia ya vipimo hivi vitatu kuvutana. Kaunti ya Marin, California, katika miaka ya 1970, vijana walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli kuukuu za Schwinn zilizotengenezwa enzi ya Vita vya Pili vya Dunia na kabla yake. Mashindano yao kwenye mteremko wa Repack yalianza Oktoba 1976, na mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo hasa. Gurudumu lilikuwa la 26, lenye ringi ya milimita 559. Halikuchaguliwa kwa hesabu yoyote ya usukani. Lilichukuliwa kwa sababu matairi manene yaliyopatikana yalikuwa ya ukubwa huo. Baiskeli hizo za mwanzo zilikuwa na bomba la kichwa lililolala. Mashindano ya kupanda na kushuka yaliposhika kasi, wabunifu walilisimamisha, na digrii 71 zikawa kawaida ya zama.

Piga hesabu ya baiskeli ya zama hizo: gurudumu la 26 lenye nusu kipenyo cha milimita 340, pembe ya digrii 71 na mchomozo wa milimita 38. Mfuato wake ni kama milimita 77. Mwaka 1999 ndipo tairi nene la milimani la 29 lilipoingia sokoni Marekani, na baiskeli zikaanza kuundwa kulizunguka. Chukua pembe ileile na mchomozo uleule, ila weka gurudumu la 29 lenye nusu kipenyo cha milimita 370. Mfuato unaruka hadi milimita 87. Mpandaji aliyezoea 77 aliposhika usukani huo aliuona mzito kwenye kona, akalilaumu gurudumu. Gary Fisher, mmoja wa vijana walewale wa Repack, aliuza 29 zenye mchomozo wa milimita 51. Kwa pembe hiyohiyo mfuato unashuka hadi milimita 73 au 74, pungufu hata ya ule wa 26. Gurudumu ni lilelile kubwa, na uzito wa usukani umeondoka.

Huo ndio ushahidi ninaoutegemea zaidi ninaposema kwamba mabishano ya 26 na 29 yalichanganya mambo mawili. Lipo jambo ambalo ni la gurudumu lenyewe: kubwa huligonga jiwe kwa pembe ndogo zaidi. Lakini hata hapo tofauti si kubwa kama inavyotangazwa. Kwa jiwe lenye kimo cha sentimita 10, gurudumu la 26 huligusa kwa pembe ya kama digrii 45, na la 29 kwa kama digrii 43. Faida hiyo hujirudia kwa kila jiwe la njia nzima, ndiyo maana ina thamani. Gurudumu kubwa pia ni zito zaidi kulianzisha, na kwa mtu mfupi huweza kuubana mpangilio wa fremu. Hayo ni ya gurudumu. Uzito wa usukani ni wa mfuato.

Wanamashindano wenyewe hawakukubaliana haraka. Machi 2012, Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Nino Schurter wa Uswisi alishinda raundi ya Kombe la Dunia kwa magurudumu ya 27.5. Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki ya London, alipata fedha kwa ukubwa huohuo, nyuma ya Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki aliyetumia 29. Rio 2016 Schurter alitwaa dhahabu akiwa juu ya 29.

Tangu hapo mwelekeo umegeuka tena, na bomba la kichwa limelazwa kuliko hata siku za Repack. Sababu iko kwenye uma wenye springi. Mpandaji anaposhuka na kukaza breki ya mbele, uma hujibana, sehemu ya mbele huinama na bomba husimama zaidi. Uma ukibonyea sentimita 10 kwenye baiskeli ambayo nyuma yake haina springi, pembe hubadilika kwa takriban digrii 5. Ile 26 ya digrii 71 inakuwa 76, na mfuato wake unaporomoka kutoka 77 hadi kama 46, wakati uleule ambapo uthabiti unahitajika kuliko wakati wowote. Kwa hiyo leo baiskeli ya miteremko mikali huwa na pembe ya digrii 65 au pungufu. Ukiwa na gurudumu la 29 na mchomozo wa milimita 44, mfuato wake ni kama milimita 124.

Gharama yake huonekana mlimani. Baiskeli ya namna hiyo, ikipanda polepole kwenye njia nyembamba, usukani wake hutaka kuangukia upande kila unapogeuzwa kidogo, kwa sababu sehemu ya mbele hushuka gurudumu linapogeuka. Kwa hesabu, mvuto wa kuanguka huko katika baiskeli ya 65 ni karibu mara mbili ya ule wa 26 ya kale. Mpandaji huchoka mikono akiunyoosha. Anayesifiwa baiskeli "ya kisasa" aulize kwanza kama atashuka zaidi au atapanda zaidi.

Sasa neno lenyewe. Ukitafuta trail, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili itakupa kijia au njia, na hapa ni kosa, tena kosa baya zaidi kwa kuwa baiskeli hizi hupita kwenye vijia. Sentensi moja itachanganya mawili. Treili hupishana kidogo mno na trela la lori. Mkokoto nilifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu una picha ya kitu kinachovutwa nyuma, lakini unadokeza kizuizi na msuguano, na umbali huu hauzuii kitu. Kinachotokea ni kwamba mguso wa tairi unaufuata mhimili. Wajerumani husema Nachlauf, mkimbio wa nyuma, na Wafaransa chasse, yaani kufukuza. Wote wawili waliona lile ambalo kitenzi fuata kinalisema bila kulazimishwa. Mfuato hukaa vyema pamoja na mzunguko na mwendo katika msamiati wa fizikia wa Kiswahili, ngeli ya m-mi: mfuato mrefu, mifuato mifupi. Na pale tairi linapogusa mbele ya mhimili, kama katika baiskeli ya mwaka 2011, kinyume chake kipo tayari: mtangulio.

Kwa mtu anayetaka baiskeli moja ya milimani ya kupanda na kushuka, ushauri wangu ni gurudumu la 29, pembe ya digrii 67 au 68, na mfuato wa kati ya milimita 95 na 110. Muuzaji asipoujua, nenda na uzi, kijiwe, chaki na futi. Na mafundi, walimu na waandishi wa michezo wanaoielewa kazi hii nawaomba walijaribu neno hili kazini, na wenye neno bora zaidi walitoe.