Ndovu walivyoondoka London

BUSTANI ya Wanyama ya London, iliyofunguliwa mwaka wa 1828 katika Regent's Park, haina ndovu tena. Walifugwa humo tangu 1831, na aliyevuma kuliko wote ni Jumbo, dume wa Afrika aliyetolewa Paris mwaka wa 1865, kisha akauzwa Marekani mwaka wa 1882.

Mnamo Oktoba 2001, mmoja wa ndovu watatu wa mwisho, wote wa Asia, alimuua mtunzaji wake. Kabla ya mwaka kwisha walihamishiwa Whipsnade, bustani ya pili ya chama hicho hicho, yenye ekari 600 hivi. Ile ya jijini ina ekari 36 tu, na mtu hushangaa ni vipi ndovu walivumiliwa humo kwa miaka 170. Zizi lao la saruji, lililojengwa miaka ya 1960, lingali limesimama kwa kuwa linalindwa na sheria kama turathi ya ujenzi.

Pengwini nao waliondolewa mwaka wa 2004 katika kidimbwi chao mashuhuri cha 1934. Saruji yake ilikuwa ikiwaumiza nyayo.

Walioingia ni wengine. Tundu kubwa la ndege la Snowdon limekuwa makao ya mbega weusi kwa weupe tangu 2022. Hao ni jamii moja na mbega ambao wakazi wa Kakamega huwaona wakirukaruka mitini, bila wavu juu yao.