Simuleta ya Chumba cha Injini: Inafunza Nini na Haifunzi Nini

Mjukuu wangu anasomea uhandisi wa meli. Siku moja aliniambia meli imewazimikia darasani mara tatu, nikadhani ananitania. Mimi nilikuwa karani wa wakala wa meli, Mombasa na baadaye Maskati. Meli ikizimika, simu za ofisini zililia usiku kucha. Ikabidi anieleze.

Simuleta ni kompyuta zilizounganishwa na meza za swichi, geji na taa kama zile za melini. Ndani yake mna hesabu za injini nzima: presha ya oili, joto la kila silinda, hewa ya kuwashia, pampu za maji ya bahari, jenereta. Ukifunga vali moja, mengine yote hubadilika. Mwalimu hukaa chumba cha pili, na kwa kubonyeza tu huziba chujio au huzima umeme. Melini, sheria za SOLAS zinataka jenereta ya dharura ijiwashe na kushika mzigo ndani ya sekunde 45. Gizani, sekunde hizo ni ndefu.

Faida yake kubwa ni kukutana na balaa ambalo baharini huenda usilione maisha yako yote. Beringi ikipata moto kupita kiasi, oili iliyomo kwenye sanduku la krenki hugeuka ukungu. Kijana hutamani kufungua mlango atazame. Akiufungua kabla injini haijapoa, hewa huingia na ukungu unaweza kulipuka. Mwaka 1947 mlipuko wa aina hii ya ukungu uliua watu 28 katika meli Reina del Pacifico, ilipokuwa ikijaribiwa baharini baada ya matengenezo Belfast. Mjukuu wangu aliufungua mapema. Mwalimu akamwambia, "Umeshakufa, kaa pembeni." Akakaa.

Lakini simuleta haina harufu, haina mtikisiko, wala usingizi wa saa kumi za usiku. Mkono haujifunzi kukaza nati kwa kubonyeza. Mkataba wa STCW wa 1978, uliorekebishwa Manila mwaka 2010, unakubali simuleta katika kufunza na kupima. Hata hivyo, cheti cha mhandisi wa zamu kwa njia ya chuo kinadai karakana na bahari pamoja, jumla miezi isiyopungua 12, na katika hiyo angalau 6 ya zamu za chumba cha injini.

Hapo ndipo familia zetu hukwama. Masomo yapo, Sohar tangu 2005, na Dar es Salaam katika chuo cha DMI. Nafasi ya melini ndiyo adimu. Niliwaona vijana wakija dirishani kwangu na faili zimejaa vyeti, wakitafuta meli ya kukamilishia miezi yao. Wengine walirudi mara tano, nami sikuwa na la kuwapa ila kiti. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipa ada, usiridhike kuonyeshwa chumba chenye skrini. Uliza nafasi ya melini hutafutwa na nani, na uombe jibu kwa maandishi.

Mjukuu wangu ameshapata yake, meli ya mafuta. Mama yake hajalala vizuri tangu asikie habari.